Mfereji wa Damari

1

Siku ya nne tangu Damari apigwe na kiharusi, neno lililobaki kinywani mwake lilikuwa moja tu: haya.

Akiletewa uji, haya. Akigeuzwa ubavu, haya. Nesi alimchoma sindano mpaka chozi likamdondoka, naye akasema haya, kwa upole, kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Nakijwa, wifi yake, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda kile tangu Jumapili na Biblia mapajani, alilisikia lile neno likizunguka chumbani kama nzi aliyekosa dirisha.

Na huyu ndiye Damari aliyekuwa akianza kuongea asubuhi akijifunga kanga, akanyamaza tu pale usingizi ulipomzidi nguvu. Sefania, kaka yake Damari na mume wa Nakijwa, alipofariki, Damari alipanda mlima na godoro kichwani, akalitandika kando ya kitanda cha mjane, akakaa miezi mitatu akipiga domo. Alisimulia mbuzi wa nani kala mboga za nani. Alisimulia ndoto zake. Alisimulia hata mahubiri ambayo wote wawili waliyasikia wakiwa wamekaa benchi moja. Hakumwachia Nakijwa hata robo saa ya kusikia jinsi nyumba ilivyokuwa kimya. Nakijwa alikuwa na mengi ya kumshukuru Mungu, na domo la wifi yake lilikuwa mwanzoni kabisa mwa orodha.

Mlango ukafunguliwa. Akaingia Daktari Atuganile, mwanamke mrefu wa kutoka Mbeya, mwenye viatu vya raba na sauti ya chini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?"

"Salama." Daktari akainama kwa mgonjwa. "Shikamoo, Mama Mbonea."

"Haya," akaitikia Damari.

Ukutani palikuwa na kioo cha kuongelea, na ndani yake uso wa Mbonea, mtoto wa kwanza wa Damari, akiwa kazini kwake Dodoma. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliongea kwa sauti kubwa, kama watu wanavyoongea na mgonjwa wakidhani ugonjwa uko masikioni.

"Mama! Daktari anataka kukutengenezea njia ya maneno. Utaongea tena. Unakubali?"

"Haya."

"Umemsikia, daktari? Amekubali mwenyewe."

Nakijwa akafunga Biblia. Akamsogelea wifi yake mpaka nyuso zikakaribiana.

"Damari, mchana huu tukupikie kokoto?"

"Haya."

"Tuziunge kwa nazi?"

"Haya," akasema Damari, na upande mmoja wa mdomo wake, ule mzima, ukapanda juu kidogo.

Daktari akatazama viatu vyake.

"Basi msiseme amekubali," Nakijwa akasema. "Semeni amejibu."

2

Kwa sheria za siku hizo kila mtu mzima alikuwa na msemaji wake, mtu aliyeandikwa kwenye karatasi ya serikali ili amsemee siku akili au kinywa kitakapomwacha. Damari alikuwa na watoto watatu waliosoma. Wakamsubiri awachague wao. Yeye akamwandika Nakijwa, aliyeishia darasa la saba. Karani alipomuuliza kwa nini, alijibu watu wote wakisikia: "Huyu sijawahi kumpa nafasi ya kuongea. Maneno yake yote bado anayo."

Kwa hiyo maelezo yalikuwa ni ya Nakijwa kusikiliza. Daktari alitaka watoke nje wakaongelee ukumbini.

"Aelezwe hapahapa," Nakijwa akasema. "Kichwa ni chake."

Daktari akavuta kiti. Akatengeneza picha ya ubongo hewani, juu ya blanketi, ikawa inaning'inia pale kama kichwa cha kabichi chenye mwanga.

"Hapa kushoto ndipo maneno yalipokuwa yakipita," akasema. "Damu iliziba kwa saa tano. Mshipa wenyewe tuliuzibua, lakini sehemu hii ilishakauka, haitaota tena. Sasa tazama upande wa kulia. Pazima. Nyimbo ndipo zinapopita. Jana mchana nesi alimkuta mgonjwa anaimba beti tatu, maneno yote yamo. Akamwomba aseme neno moja tu la ule wimbo bila kuimba. Akashindwa."

"Nilikuwepo," Nakijwa akasema. "Nililia."

"Basi hii ndiyo chemchemi iliyobaki. Tumeshaingiza mchwa, vile vijimashine vya kuchimba. Wamechimba njia kutoka kwenye nyimbo kuelekea kwenye maneno. Lakini chemchemi ni ndogo, mama. Mchwa wakipiga plasta njia ya maneno, nguvu yote itakwenda huko na nyimbo zitakauka. Ataongea vizuri kabisa na hataimba tena. Au wapige plasta ya nyimbo, aimbe kama zamani, na kwenye maneno abaki na hilo moja. Mchwa wanaishi siku chache. Ijumaa saa sita mchana wanakufa. Tusipowaagiza lolote, njia itabomoka, tukose vyote."

Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

"Maneno," Mbonea akamwambia Nakijwa haraka kutoka ukutani. "Mama, nakuomba, hili halina mjadala. Nataka aniite jina langu."

Nakijwa alikuwa akiwaza nyimbo. Kwa miaka arobaini Damari ndiye aliyeanzisha nyimbo kanisani kwao. Mwalimu wa kwaya alikuwepo, kinanda kilikuwepo, lakini wimbo haukuanza mpaka Damari atupe sauti ya kwanza juu, na Nakijwa aipokee chini kwa sauti ya pili. Sabato ilikuwa haiingii vizuri bila hivyo.

"Hao mchwa nawafahamu," akasema. "Tuliletewa kijijini."

"Wa kwenu ndio babu zao hawa," Daktari Atuganile akasema, na uso wake ukachangamka kidogo, kwa kuwa sasa alikuwa anaongea jambo alilolipenda. "Walianza kwenye mifereji ya mashamba. Madaktari wa mishipa wakawaazima, wakawafanya wadogo zaidi ya chembe ya damu. Watu wa mbegu wakachukua lile wazo tu: mahindi yanayotoka kimo kimoja, mvua inyeshe au isinyeshe, wanasema wameyachimbia mfereji tangu kwenye kiini, mmea hauna pa kukengeukia. Wataalamu wa tabia nao wana lao. Mtoto akizoea kubembelezwa kwa kitu kimoja tu, hamu yake yote inapita hapo, akipewa kingine hatulii. Nao wanauita mfereji."

"Kumbe wasomi wote mko ndivani, kwenye bwawa letu la mfereji," Nakijwa akasema. "Na wote mnapiga plasta?"

Daktari akafikiri. "Karibu wote. Njia isiyopigwa plasta haiaminiki."

Damari, kitandani, aliikodolea macho ile picha ya kichwa chake. Mkono wake wa kushoto, unaofanya kazi, ulikuwa ukikwaruza shuka taratibu.

3

Alhamisi asubuhi Nakijwa alipanda kikapu cha waya, kile kinachopandisha watu mlimani kwa nguvu ya jua, akarudi kijijini Mamboni. Alikuwa na mbuzi wa kuangalia, na ilikuwa siku yake ya kufungua ndiva.

Ndiva ya Mamboni ni bwawa dogo ambalo mababu walilizungushia mawe na udongo. Maji ya kijito yanajaa humo usiku, asubuhi mlinzi anachomoa kizibo na maji yanashuka kwenye mfereji mkuu mpaka mashambani, kwa zamu. Nakijwa alikuwa mlinzi tangu Sefania alipofariki. Alichomoa kizibo, akasimama kusikiliza maji yakishika njia, kisha akatembea kandokando ya mfereji kama afanyavyo siku zote, jembe begani, macho chini.

Alipofika kwenye kona juu ya shamba la Damari akasimama. Hapo plasta ilikuwa bado inaonekana, nyeupe kama mfupa, ina mashimo yaliyopigwa kwa nyundo.

Miaka mitatu iliyopita walikuja vijana wa mradi na pipa la mchwa. Si mchwa wa kweli. Ni vijimashine vidogo mno, lakini vilichimba na kupiga plasta kwa mate yake vyenyewe, kwa hiyo jina likavishika siku hiyohiyo. Vijana walisema mfereji wa udongo unavuja, nusu ya maji inapotea njiani, na kila mwaka watu wazima wanaitwa kwa pembe kwenda msaragambo, kuzoa tope na kuziba matundu, kazi ya bure ya kijiji kizima. Mlinzi akiridhia, mchwa watamaliza yote kwa wiki mbili na msaragambo hautahitajika tena. Nakijwa akaridhia. Maji yakafika bondeni kwa nusu ya muda. Watu wakamshangilia kanisani.

Kiangazi cha pili magimbi ya Damari yakanyauka. Migomba iliyo chini ya mfereji ikafuata, kisha kile kisima kidogo ambako akina mama walichota maji ya kunywa. Hapo ndipo walipoelewa kwamba yale maji yaliyokuwa yanapotea, yalikuwa hayapotei. Yalikuwa yanavuja kwenda kwao.

Nakijwa alikwenda kwa wifi yake kuomba radhi, akalia. Damari alimsikiliza, akaingia ndani, akatoka na nyundo mbili. "Shika moja, Simenti," akasema. "Twende tukavuje." Walitoboa plasta mpaka viganja vikatoka malengelenge, na siku iliyofuata kijiji kizima kikaja na nyundo. Tangu hapo Nakijwa alikuwa na jina. Akipita njiani, "Simenti huyo anapita, jifunikeni." Akikohoa kanisani, "Simenti imeingia mapafuni." Jina hilo hakuruhusiwa mtu mwingine kulitumia. Lilikuwa mali ya Damari.

Nakijwa akapiga magoti pale kwenye kona, kwenye majani yenye umande. Alikuwa mtu wa sala fupi.

"Bwana," akasema, "nimeshaamua maneno. Unajua tangu jana nimeamua. Lakini sijui kama nimeamua kwa ajili yake au kwa ajili yangu mimi, maana mimi ndiye nitakayekaa peke yangu kwenye ile nyumba asiponisemesha. Nionyeshe nitamuulizaje."

Akangoja. Maji yalikuwa yakipita. Pale penye tundu la kwanza udongo ulikuwa umelowa, mweusi, laini, na jani moja changa la gimbi limechomoza. Akalitazama muda mrefu. Kisha akavua mtandio wake wa pili, akaanza kuchota ule udongo kwa mikono.

4

Nesi alimzuia mlangoni.

"Bibi, hilo tope linakwenda wapi?"

"Kwa mgonjwa."

"Hairuhusiwi! Hii ni wodi!"

"Mwite daktari, mwanangu. Na uniletee sinia kubwa la jikoni, na jagi la maji. Ukipata sinia lenye kingo ndefu nitakuombea mume."

"Ninaye tayari, bibi."

"Basi nitamwombea huyo huyo atulie."

Nesi akacheka, akaenda. Daktari Atuganile alipofika, sinia lilikuwa limeshawekwa kwenye meza ya kulia kitandani, na Nakijwa amekunja mikono ya gauni, anafinyanga. Upande wa juu alitengeneza ndiva ndogo. Kutoka hapo mfereji mmoja, na katikati ukagawanyika njia mbili. Damari aliinuliwa akaegemea mito. Macho yake hayakutoka kwenye ule udongo.

"Daktari, kaa hapo ushuhudie," Nakijwa akasema. "Kwanza tumpime kama anaelewa. Damari! Sikiliza. Njia hii inakwenda shambani kwangu. Hii inakwenda shambani kwako. Mimi ndiye mwenye zamu leo. Haya, gawa maji."

Akampa bonge la udongo kwenye mkono wa kushoto, kama ambavyo huko kwao watu hufunga na kufungua njia kwa bonge la udongo. Akamimina maji kwenye ndiva.

Damari akafunga njia ya Nakijwa. Maji yakaingia yote shambani mwake, yakajaa, yakamwagika kwenye sinia. Akatulia tu.

"We Damari! Zamu ni yangu!"

"Haya," Damari akasema, bila kusogeza mkono hata kidogo, na ule upande mzima wa mdomo ukapanda mpaka jino likaonekana.

"Unaona, daktari? Ni mwizi yuleyule. Miaka thelathini ananiibia maji. Akili iko salama."

Daktari alikuwa ameziba mdomo kwa kiganja. Akaondoa kiganja, akasema taratibu, "Endelea, mama."

Nakijwa akamwaga maji yaliyotuama, akatengeneza upya kingo. Aliyofanya mpaka hapo yalikuwa mchezo.

"Damari, wifi yangu. Sasa siyo mashamba. Hii ndiva ni kichwa chako. Maji ni machache, umemsikia daktari. Hii," akagusa njia ya kulia, "ni nyimbo zako. Hii ni maneno yako. Watapiga plasta moja, nyingine itakauka. Mimi nataka maneno, nakwambia ukweli mbele ya Mungu, kwa sababu nakuhitaji. Mbonea anataka maneno. Lakini hatukuulizwa sisi. Funga unayotaka ifungwe."

Akamimina maji.

Damari akalishika lile bonge. Akalipeleka kushoto, akafunga njia ya maneno. Maji yakaenda kwenye nyimbo. Nakijwa akaendelea kumimina. Aliuliza, na amejibiwa.

Ndipo Damari akaanza kuimba, kwa sauti ya chini, yenye mkwaruzo. Ulikuwa ni wimbo wanaofungulia Sabato. Akaimba ubeti mmoja mpaka mwisho. Alipomaliza, akaling'oa bonge, akalihamishia kulia. Maji yakageuka, yakaingia kwenye maneno. Akaimba ubeti wa pili. Akaling'oa, akalirudisha kushoto. Ubeti wa tatu.

"Anachezea tu?" daktari akanong'ona.

Nakijwa alikuwa amejishika shavu. "Hapana. Hapana, mwanangu. Anagawa zamu."

"Zamu?"

"Tulipokuwa wasichana hatukuwa na saa. Kule mashambani tuligawana maji kwa beti. Ubeti mmoja kwako, ubeti mmoja kwangu, ukimaliza unahamisha udongo. Ni yeye aliyeanzisha utaratibu huo, na alikuwa anaimba harakaharaka ikiwa zamu yangu." Akafuta macho kwa mkono wenye tope. "Tazama sasa. Haharakishi popote. Anataka vyote viwili. Anataka kwa zamu."

Daktari akaligeuza lile sinia, nyimbo zikawa kushoto na maneno kulia, akamwomba Damari aanze upya. Damari akamtazama kama anavyotazamwa mtoto anayeuliza jambo lililo wazi. Kisha akaanza, ubeti kwa ubeti, polepole, mpaka jagi likaisha maji.

5

"Haimo kwenye mwongozo," Daktari Atuganile akasema. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi. "Naweza kuwaagiza mchwa wachimbe zote mbili, wasipige plasta popote. Kitu hicho kilishajaribiwa kwa panya. Lakini mtakuwa na njia ya udongo, mama. Mchwa wakifa, hakuna tena wa kuitunza. Siku mbili asipoongea, inaanza kufukiwa. Siku mbili asipoimba, vivyo hivyo. Na hata ikitunzwa, hataongea kama zamani wala kuimba kama zamani. Atakwama. Kuna siku hakutapita kitu."

"Na ikifukiwa kabisa?"

"Amekosa vyote."

Mbonea, ukutani, alikuwa amekwishaangalia picha za lile sinia mara tano. "Mama," akamwambia Nakijwa, na sasa sauti yake ilikuwa ya chini, "anaweza kupata maneno ya uhakika. Ya uhakika kabisa. Tumwache achukue hatari hii kwa sababu ya nyimbo?"

"Baba, mimi nimeshawahi kuchukua kitu cha uhakika," Nakijwa akasema. "Kilifika bondeni kwa nusu ya muda. Mama yako ndiye aliyelala na njaa."

Mbonea akafunga macho. Alikuwa mtoto wa Mamboni. Alikumbuka yale magimbi.

"Nani ataitunza njia hiyo?" daktari akauliza. "Kila siku, miaka yote iliyobaki? Wewe una umri gani, mama?"

"Sabini na moja. Mimi peke yangu siwezi." Nakijwa akachukua kalamu ya kuandikia kwenye kioo cha mkononi cha daktari. "Lakini sisi tunajua kutunza mfereji wa udongo. Tunapiga pembe."

Kabla ya kuandika akamgeukia wifi yake. "Damari, nikiandika hivi, nimesema ulilosema?"

Damari hakusema haya. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili hakusema haya. Alinyoosha mkono wa kushoto, uliobaki na tope kwenye kucha, akaushika mkono wa Nakijwa wenye kalamu, akausukuma kwenye kioo.

Amri ikaingia saa sita kasoro dakika kumi.

6

Pembe ya tandala ya Mamboni ilipigwa Jumapili iliyofuata, na watu wakatoka na majembe wakidhani mfereji umekatika. Nakijwa akasimama juu ya ukuta wa ndiva, akawaeleza. Mzee mmoja akauliza kama jembe linahitajika. Akaambiwa ulimi unatosha. Akasema basi mke wake aende mara mbili.

Wakajigawa kama wanavyojigawa kusafisha mfereji. Jumatatu nyumba za juu, Jumanne Mbonea kwa kioo, Jumatano nyumba za bondeni, na kadhalika mpaka Sabato, ambayo ilikuwa ya kwaya. Kila siku maneno asubuhi, nyimbo alasiri. Asiyefika zamu yake analipa faini ileile ya msaragambo: mawe matatu ya kubeba kutoka kijitoni mpaka kwenye ukuta wa ndiva. Hakuna aliyesamehewa. Mchungaji mwenyewe alibeba mawe mwezi wa pili.

Haikuwa rahisi. Siku nyingine Damari alilitafuta neno moja mpaka jasho likamtoka, akaishia kupiga meza kwa ngumi. Kuna wiki nzima ya mvua ambapo hakuna kilichopita, haya ikarudi peke yake, na Nakijwa alikwenda kulia nyuma ya zizi la mbuzi asionekane. Lakini siku ya nane watu wakaja tena na miavuli, wakakaa, wakaanza upya: kikombe, sema kikombe, haya imba kikombe. Mbonea aliitwa jina lake Jumanne moja, nusu kwa kuimba, nusu kwa kusema. Siku hiyo kioo kilibaki bila uso kwa muda, alikuwa ameinamisha kichwa.

Mwezi wa tano, Alhamisi ya zamu yake, Nakijwa alichelewa. Kizibo cha ndiva kilimkatalia, na alipofika barazani kwa wifi yake jua lilikuwa limeshapanda. Damari alikuwa ameketi na mkongojo wake miguuni, amefunga kilemba vizuri, anamtazama akipandisha njia. Hakuitikia salamu. Midomo yake ilikuwa inatafuta kitu. Nakijwa alisimama pale kwenye ngazi, hakumsaidia, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa kanuni: usimchimbie, mngoje.

Damari akaanza kwa sauti ya wimbo, akapanda juu, akakwama. Akashuka, akajaribu kwa kusema. Akarudi kwenye wimbo.

"Si," akasema. "Sime." Akavuta pumzi. "Simenti."

Nakijwa akashika nguzo ya baraza.

"Ume... chelewa," Damari akaendelea, kila neno akilitoa kama ndoo kisimani. Akainua mkongojo, akauelekeza kule kijitoni. "Mawe. Matatu."

"Damari, nina miaka sabini na moja!"

"Haya," Damari akasema, na safari hii lilikuwa na maana yake kamili: nenda.

Nakijwa akaenda. Alikuwa anacheka na kulia, kanga imemlegea, watu wa bondeni wakimtazama kutoka mashambani mwao. Akalipakata jiwe la kwanza kifuani, akaanza kupanda nalo, na alipofika kwenye kona ya plasta iliyotobolewa akasikia kutoka barazani sauti ya kwanza ikitupwa juu, yenye mkwaruzo, yenye pengo katikati. Hakujaza lile pengo. Alisimama na jiwe lake, maji yakimvujia miguuni, akangoja mpaka sauti iliporudi, ndipo akaipokea chini.